Ya Kwanza Ipi?

Kishikwambi nilipewa na Zdenka, mpwa wangu,
kioo kimepasuka kwenye kona, kama jani lenye mshipa.
"Mjomba, hiki kinatosha. Tafuta programu ya masteringi,
usidanganyike na bei," akasema, akikimbilia tramu,
akaniacha mezani na nyimbo sita za kodiani
nilizozirekodi jikoni, ghorofa ya tisa, Košice,
friji ikikoroma chini ya kila noti.

Masteringi, nilivyoielewa mimi,
ni kupiga pasi shati lililokwisha kushonwa.
Huongezi mkono, hubadili kola,
wanyoosha makunyanzi tu, upate kutoka nalo nje.
Miaka thelathini na mmoja nimelehemu reli za jiji hili.
Kumalizia kazi nakujua: tupa kwanza, msasa baadaye,
kisha kidole, maana kidole hakidanganyi.
Lakini kioo hiki laini,
kidole kitapapasa nini?

Programu ya kwanza ilikuwa na kitufe kimoja, cha dhahabu.
Nikabonyeza.
Mama yangu!
Kodiani ikafura, ikajaza jiko, vijiko vikatetemeka kabatini,
nikajiona nimevaa suti, nimesimama jukwaani.
Mkono ukaenda wenyewe kwenye pochi:
euro tisa kila mwezi,
mpaka kifo kitutenganishe.

Ya pili ilinifungulia wodi ya mahututi.
Mistari ya kijani ikipanda, ikishuka,
sindano zikiruka, namba hasi juu ya hasi,
hasi kumi na nne, hasi moja,
na mimi mlangoni na maua yangu,
sijui mgonjwa ni yupi.
Nikaifunga taratibu, nisimwamshe mtu.

Nikarudi kwa dhahabu. Ndipo bomba la joto likalia:
ko, ko, ko.
Bibi Hajnalka wa ghorofa ya nane, na kijiko chake.
Nikapunguza sauti. Ko.
Nikapunguza tena, hadi bomba likanyamaza,
na hapo, kwa kuchokoa tu,
nikaucheza ule wimbo wangu mbichi, wa asubuhi,
kwa sauti ileile, sawa kwa sawa.

Nikaketi.

Ile pumzi ya mivukuto kabla ya noti ya kwanza,
hewa ile inayoingia kama mtu anayetaka kusema jambo,
kwenye dhahabu haikuwapo.
Palipokuwa na bonde na kilima
pamepitishwa katapila.
Kumbe sikupenda uzuri, nilipenda ukubwa.
Debe nalo huvuma.

Ya tatu sikuitarajia. Haina dhahabu.
Vitelezi vinne, na kijitufe cha kulinganisha
kinachoziweka mbili kwenye mizani moja, ya zamani na mpya,
hakuna inayopaza sauti kuliko mwenzake.
Euro kumi na mbili, mara moja, basi.
Rahisi huwa ghali, walisema, lakini nililipa.

Usiku ule nilisikiliza kwa hedifoni,
kisha kwa redio ya bafuni,
kisha nikashuka na koti juu ya pajama
kwenye Škoda ya shemeji Ctibor, theluji ikiwa imeziba vioo,
nikagundua besi inameza wimbo wa tatu wote.
Nikapanda. Nikavuta kitelezi upana wa ukucha.
Nikashuka. Nikapanda.
Saa nane na nusu nikaacha,
si kwa kuwa umekamilika,
ila magoti.

Asubuhi, ndani ya lifti, Bibi Hajnalka,
kofia ya manyoya, mfuko wa viazi,
macho kwenye namba za ghorofa:
"Wimbo ule uliupiga mara arobaini."
"Samahani, bibi."
"Ya kwanza ndiyo ilikuwa nzuri."

Ya kwanza? Ile mbichi, ya dhahabu,
au ya kwanza baada ya kulipa?
Nikafungua mdomo kuuliza ipi.
Mlango ukafunguka,
akatoka na viazi vyake.