Droo ya Pili

Asubuhi, ghorofa ya tatu, dola ni mipira ya biliadi.
Profesa Marega huigonganisha ubaoni kwa chaki:
huu umekwenda kule, ule umerudi huku,
na ndani ya mpira hamna mtu, wala hahitajiki.
Nami naandika mbiombio:
maslahi, mizani ya nguvu, mkataba na kiambatisho chake.

Saa nane nateremka hadi chumba kisicho na dirisha,
na huko sioni dola hata moja.
Kuna watu tu:
nani huosha kikombe, nani hukinywea,
nani huitwa kwa jina, nani kwa kazi yake.
Bi Furlan hataki tutamke “jamii”
kabla hatujabisha hodi kwa mtu.

Wenzangu huuliza, mbona masomo mawili?
Huwajibu kwamba ratiba iliruhusu.
Ukweli ni kwamba nimezaliwa papa hapa Gorizia,
mji uliopitiwa na mpaka kama kitambaa mikononi mwa fundi mlevi.
Kabichi za babu zikaamkia Yugoslavia,
jembe lake likabaki Italia.
Nyumbani kisa hiki husimuliwa kwa kicheko,
na sijajua bado nikipeleke ghorofa gani.

Novemba nikakabidhiwa hojaji kumi na mbili.
Ya tisa ilikuwa ya Lesia, mzaliwa wa Chernivtsi,
anayemtunza mzee Olivo,
askari wa mpakani miaka thelathini,
ambaye sasa havuki ukumbi wa nyumba yake
pasipo kushikwa mkono.
Nilipobonyeza kengele, sauti ikafoka kutoka kitini:
“Hati zako!”
Lesia akacheka. “Usijali. Hata daktari humwuliza.”

Swali la kumi na nne: Una watoto?
“Mmoja. Yuko kwa dada yangu.
Dada humlipa jirani amtazamie mama,
na jirani naye ana mama…”
Akaacha hapo, akakoroga supu.
Karatasi yangu ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kutia alama.

Kisha akavuta droo ya pili ya kabati la jikoni.
Kibali cha ukaazi, nakala saba,
kila moja ndani ya mfuko wa kugandishia nyama.
“Droo ya kwanza ni ya vijiko,” akasema.
“Hii ndiyo inayoniruhusu kuvishika.”

Juni, mtihani wa mdomo.
“Dola ni nini?” akauliza Marega.
Nilikuwa na fasili nne, na mwaka wa kila moja.
Ulimi ukateleza:
“Dola ni droo ya pili.”

Feni ikageukia kulia, ikageukia kushoto.
Nikamweleza, nikajikanyaga, nikaeleza tena,
vijiko, supu, mifuko, nakala saba.
Akavua miwani.
“Hilo ni jibu la huko chini, binti.”
“Naam, profesa. Limepanda ngazi.”
Akanipa ishirini na nne kwa thelathini.

Wiki iliyofuata Bi Furlan akataka kujua
kwa nini mshahara wa Lesia haupandi.
Nikazungumza juu ya viza, sarafu, na saini za mawaziri
hadi akagonga meza kwa kalamu:
“Unasema kama balozi. Yule mwanamke yuko wapi?”
Ishirini na tano.

Kati ya ghorofa hizo mbili pana mashine ya kahawa, mbovu,
na ngazi iliyolika katikati.
Nilikaa pale, nikajumlisha: arobaini na tisa kwa sitini.
Si haba. Si sifa pia.

Jumamosi nikarudi kwa Lesia na keki ya jozi, bila hojaji.
“Hati zako!” akafoka mzee.
Safari hii nikampa kadi yangu ya chuo.
Akaisogeza karibu na jicho lake zima,
akasoma mstari wa kwanza, polepole, kisha wa pili,
akaigeuza nyuma kutazama kama kuna muhuri.
Hakukuwa na muhuri.
Akanirudishia.
“Pita,” akasema. “Ila vua viatu, ametoka kupiga deki.”