Fomu Namba Tatu

Ofisi yetu Wete ipo juu ya duka la vitenge,
ngazi kumi na saba, ya tisa imevunjika.
Bi Riziki Shaame alizipanda zote
na mkoba wa ukindu, ndani yake risiti za karafuu
za miaka kumi na minne, zimefungwa kwa ugomba.

"Nasikia mnauza hisa za kinu cha makonyo."
Hatuuzi, nikamwambia. Tunatoa. Kwa walioalikwa.
"Na mwaliko hupatikana wapi?"
Nikamsogezea fomu.

*Utajiri halisi, nyumba ya kuishi isihesabiwe.*
Akacheka. "Nyumba ukiitoa, mwanangu, n'na nini tena?"
Mikarafuu ishirini na miwili, akasema. Ya urithi.
Hati?
"Hati ni bibi yangu. Kalala chini ya mmojawapo."

*Kipato cha miaka miwili mfululizo, kisichopungua*
na hapo nikaisoma tarakimu kwa sauti ndogo,
kama mtu anayetaja jina la ugonjwa
mbele ya mgonjwa.
Akazihesabu sifuri kwa kidole, akarudia,
kisha kidole akakifuta kwenye kanga.

*Ujuzi wa uwekezaji: eleza.*
Hapa alikaa sana.
"Andika: konyo kavu nalijua kwa kulivunja karibu na sikio.
Andika: mwaka ule wa mvua isiyokatika
nilikausha kwa moto, usiku, na sikupoteza pishi.
Andika: nimewahi kupoteza. Vyote."
Mistari ilikuwa miwili tu.

Sheria inakulinda, nikasema. Hisa hizi zina hatari,
asiye na akiba kubwa, hasara humvunja.
"Na bei mnayonipangia kila msimu,
hiyo nalindwa na nani?"

Afadhali niseme: fomu hiyohiyo
niliwahi kuijaza mwenyewe, usiku, mlango nimeukomea.
Niliishia mstari wa pili.

Akazifunga risiti zake, fundo kwa fundo,
akateremka, ya tisa akairuka
kana kwamba kazaliwa humo.
Dirishani nikamwona ng'ambo ya barabara,
penye mizani ya kinu, na magunia yake mawili.
Mizani haikumuuliza sifa.
Kijana akaandika kilo, akakata za unyevu,
akampa karatasi ya kumi na tano.

Jioni naandika ripoti ya wiki.
Waliofika: mmoja.
Wenye sifa:
kalamu aliyoishika bado inanuka makonyo.
Naiweka chini. Naichukua tena.