Ruhusu

Meza yangu iko Tandahimba, ng'ambo ya ghala.
Nachaji simu, nabadili vioo,
nasajili laini, natoa kopi.

Mwezi wa sita, wakati wa salfa,
shilingi ikiwa adimu kama maji ya bomba,
alikuja kijana kutoka Dar, shati limenyooka hadi vifundoni:
Dada Asumini, kila simu utakayoiwekea programu hii ya mkopo,
elfu mbili yako.
Hakuna dhamana, hakuna mdhamini.
Kidole tu.

Niliweka thelathini na moja.
Nazijua idadi kwa sababu niliziandika
kwenye daftari lile lile la madeni ya vocha.
Simu inauliza: nisome majina yako?
Nione picha? Nijue ulipo?
Wenyewe walikuwa wananitazama mimi, si kioo,
nami nikabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu,
kama mtu anayebangua korosho za mwenziwe, macho kwingine.

Kwetu mgeni hupiga hodi tatu.
Ya tatu isipoitikiwa, anageuza.
Hii ilipiga hodi ikiwa imeshaketi jikoni,
inahesabu sufuria.

Somoe Chinyanga alikopa elfu arobaini ya salfa.
Akarudisha hamsini na mbili, akabakiza sita.
Siku ya tisa ujumbe ukaenda
kwa wakweze Nanyamba,
kwa mwalimu wa mwanawe, kwa fundi baiskeli,
kwa kungwi wake,
na kwa namba ya marehemu mumewe ambayo hakuwahi kuifuta,
ambayo siku hizi ni ya mtu wa Kigoma.
*Mwambieni huyu mwizi alipe.*
Wa Kigoma peke yake ndiye aliyejibu: pole, mama.

Hakuja kunitukana. Alikuja kuchaji.
Akaketi, akasema:
"Uliniwekea wewe. Nitolee wewe."

Baba yangu alikuwa mtu wa kangomba.
Alitoa pesa watu wakiwa na njaa,
akapokea korosho za mavuno, bakuli limejazwa mlima,
na zilizomwagika chini nazo zake.
Mimi nilishika bakuli. Darasa la tatu.
Walioona haya walikuwa wakulima, si sisi.
Sufuria yetu ilikuwa na nyama, ndiyo maana sikuuliza.
Nilidhani ule mkono nimeshautupa.
Kumbe nimeununulia bando.

Niliwapigia wote thelathini na moja.
Wakaja kumi na tisa.
Chitanda alikataa: "Hiyo ndiyo benki yangu.
Ukiitoa, utanikopesha wewe?"
Sikuwa na jibu. Sinalo hadi leo.
Kijana wa Dar akahamia meza ya Mfaume.
Mfaume sasa ana feni.

Siku hizi nasoma kwa sauti kabla ya kubonyeza,
Kiswahili kikikwama naongeza Kimakonde:
Inataka majina ya watu wako. Umewauliza?
Foleni inarefuka. Wengine wanaondoka,
wanasema nimejifanya shehe.
Anayetaka mkopo namwelekeza kikoba cha Jumanne,
ambako ukichelewa utasutwa,
lakini uso kwa uso, na anayekusuta unamjua kwao,
na mwakani huenda ukamsuta wewe.

Simu yangu mwenyewe si safi.
Ipo ile ya mapishi na vichekesho,
najua inanisoma hadi usingizi wangu.
Nimeifuta mara mbili. Nimeirudisha mara mbili.

Ila siku ile niliitoa ya Somoe, mbele yake.
Pale ilipokuwa pakabaki wazi, rangi ya bluu tupu.
Akapagusa kwa ncha ya kidole,
kama mtu anayepima iwapo chungu kimepoa.
Akauliza chaji ni bei gani.
Nikasema, acha tu.
Akahesabu mia tatu, akaziweka mezani,
moja moja.