Mngoje Chini

Nyasi hizi ni za ng'ombe. Nawaambia kila kiangazi,
si godoro la watu wanaodondoka kutoka mbinguni.
Nimepigilia kibao, nimetundika na kopo la bati:
faranga tano kwa kila anayetua kondeni kwangu,
maana nyasi iliyolazwa haikatiki vizuri,
na Bruna hali kitu chenye harufu ya kiatu.

Baba alipokuwa hai, jabali lile lilikuwa jabali tu.
Theluji ikiyeyuka lilitutupia mawe;
lilichukua mbuzi, likamchukua na mjomba Balz.
Aliyekwenda ukingoni alikwenda kutafuta mbuzi
na alirudi kwa magoti, akitema mate.
Kisha akaja mmoja na mfuko mgongoni.
Tukasema: huyu kichwani hayumo.
Mwaka uliofuata wakaja saba.
Siku hizi treni ya saa mbili inawamwaga kama watoto wa shule,
suti zenye mbawa, kamera kwenye kofia,
na mwoka mikate anauza andazi liitwalo Mruko.

Waliosema aliye juu mngoje chini
walikuwa wakimtishia mwenye cheo.
Mimi namngoja kweli, ndoo mkononi,
shingo imekakamaa.
Nimejifunza sauti mbili:
kitambaa kikifunguka, pwaa, kama shuka linalokung'utwa,
na ile nyingine.

Ilmari, karani wa bima kutoka Tampere,
alikunywa maziwa jikoni kwangu, povu likamkaa kwenye masharubu.
Nikamuuliza, kwani kwenu hakuna kufa?
Akacheka: "Mama Regula, mwaka mzima nahesabu vifo.
Watu wanakufa wakibadilisha taa.
Wanateleza bafuni na sabuni mkononi."
Akasema sekunde ile ya kwanza hakuna upepo bado,
huna uzito, huna deni, huna bosi,
hata jina lako limebaki juu
kama koti lililosahaulika kwenye msumari.
"Moja tu," akasema, "halafu unakuwa mtu tena, unaanza kuogopa."
Akatumbukiza faranga kumi: tano za leo, tano za kesho.

Leo alitua, akakanyaga maua, akaniomba radhi.
Kesho yake ikaja helikopta nyekundu,
ng'ombe wakatawanyika.

Sikulia. Nilikamua.
Usiku nikapanda ngazi ya ghala,
miaka sitini na mitatu, goti bovu,
hadi ukingo wa dari tulikokuwa tukiruka mimi na dada
kabla mama hajatukataza.
Chini, lundo la nyasi kavu. Mita tatu. Labda nne.
Nikavua aproni, nikaitundika msumarini.

Sitasema niliona nini; palikuwa giza.
Nilitua kwa makalio, vumbi puani,
nikacheka peke yangu hadi Bruna akageuka.

Asubuhi wakaja wengine, wakauliza bei.
Nikalitikisa kopo.
Zile tano zake zilizobaki
nilishazitumia.