Akiba Inayooza

Mto Nyamwamba ulipopita shambani kwangu
haukupiga hodi.
Ulichukua migomba, ukachukua mpaka,
ukaacha mawe kama ng'ombe waliolala,
mimi na jirani yangu Bwambale
tukakosa hata cha kugombania.

Kikabaki chumba,
cha nyuma, kisicho na dirisha la maana,
nilichokuwa nikiwekea majembe.
Majembe ya nini tena?

Kiwandani walikuwa wakichoma makapi ya pamba
kila Jumamosi, mpaka nguo kambani zikanuka moshi.
"Beba, mama, utatupunguzia kazi."
Nikabeba magunia saba kwa baiskeli ya kukodi.
Loweka. Kamua. Jaza pipa, koleza kuni,
mvuke tangu adhana ya alfajiri
hadi watoto warudi kula.
Kisha poza, kisha nawa mikono kama mkunga,
panda mbegu tabaka kwa tabaka,
funga mfuko, zima taa, toka.

Mifuko ya kwanza ilishikwa na ukungu wa kijani.
Nililia. Zaidi nililia kuni.

Ya pili, siku ya kumi na nane,
utandu mweupe ulikuwa umejishona wenyewe
kama shuka la hospitali,
na pale nilipopachana kwa wembe
vichwa vidogo vilisukumana
kama watoto wa shule siku ya uji.

Mimi ni Ithungu, binti wa tano;
jina langu lenyewe ni hesabu.
Basi nahesabu: kilo tatu Jumanne,
tano Ijumaa, na sahani moja ya mama mkwe
ambaye hana meno na anauita uyoga
nyama iliyomhurumia.

Wasemao akiba haiozi
waje wachungulie mlangoni:
yangu yaoza kwa zamu, mfuko kwa mfuko,
na huko kuoza ndiko karo.

Mwezi uliopita meneja wa kiwanda alitoka nje,
akatazama magunia, akanitazama mimi.
"Makapi sasa yana bei."
Kumbe takataka hukoma kuwa takataka
mara tu mwanamke anapoziinamia.
Nililipa nusu. Nusu nyingine
nachanganya maganda ya maharage ya Bwambale.

Na mifuko iliyochoka,
iliyozaa mara tatu ikakauka,
siitupi.
Naimwaga jioni kati ya yale mawe,
konzi kwa konzi, mto ukiona.
Juzi pamechipua kitu chenye majani mawili.
Sijakijua bado.
Sijaking'oa.