Nusu Sekunde

Tiketi iliingia saa tano na robo usiku,
haina jina la kosa wala namba ya mnara.
Kasyoka Mutinda, fundi cherehani, Kayole:
"Nilimwuliza dada yangu kama amenisamehe.
Alinyamaza kwanza, ndipo akasema ndiyo.
Nataka kujua ule ukimya ni wa nani."

Wekulo akacheka, akanisukumia. "Hii ni yako, mganga."
Nikamimina chai ya chupa, nikavuta kiti.

Mtu wa mtandao huanza na kilicho karibu.
Mnara wa Kayole umesimama juu ya ghorofa ya tano,
kati ya tangi la maji na kamba za kuanikia nguo.
Simu mia mbili zinaung'ang'ania, ila foleni yake fupi:
milisekunde kumi na tisa. Si yeye.
Kutoka hapo mawimbi yanaruka Mto Ngong
hadi kituo chetu cha Eneo la Viwandani.
Mvua ya Aprili ilikuwa ikinyesha; nikaishuku,
maana mvua hula mawimbi.
Ishirini na mbili. Nikaiomba mvua radhi.

Kisha nikatuma pakiti, kama mtoto anayetumwa dukani
akaambiwa ataje kila mlango anaoupita.
Wa kwanza, akataja. Wa pili, akataja.
Wa tatu, nyota kwenye skrini,
* * *
ruta inayopitisha wageni lakini haiitikii hodi.
Wa nne: Mombasa.
Nikaweka kikombe chini.
Wa tano: Marseille.
Mia moja sitini na nane.

Dada mtu, Syombua, anakaa Donholm.
Kutoka cherehani ya huyu hadi mlango wa yule
ni mwendo wa mguu, kama tope halijazidi.
Na sauti ilikuwa inateremka pwani,
inapita chini ya bahari, inabisha Ulaya,
inaonyeshwa njia ya kurudi,
ndipo inafika Donholm kuuliza: umenisamehe?
Na ile "ndiyo" nayo ianze safari yake.

Tabia ya fundi ni kumshuku mwingine.
Nikailaumu kampuni tunayobadilishana nayo pakiti,
nikaiandikia barua kali, sikuituma.
Nikalaumu kebo. Nikalaumu vijana wa zamu ya mchana.
Saa nane na dakika kumi nikafungua jedwali la njia,
nikashuka nalo mstari kwa mstari kama achambuaye mchele,
na changarawe ikanigonga kidole:
njia ya kuzunguka, iliyoandikwa siku ile tingatinga
lilipokata faiba karibu na Bellevue.
Pembeni, maelezo: YA MUDA. NITAIONDOA KESHO.
Na herufi mbili za mwandishi.
Herufi zangu.
Miezi saba.

Kikulacho... malizia mwenyewe, mimi ulimi uligoma.

Nikafuta mstari. Nikamtuma mtoto tena dukani:
thelathini na moja, na hakutoka Nairobi.
Wekulo alikuwa amelala kitini, mdomo wazi.
Sikumwamsha.

Asubuhi, korongo bado wamejikunyata juu ya migunga ya Nyayo,
nikampigia Kasyoka. Nikamwambia bila kupunguza:
ukimya ule, karibu nusu sekunde, ulikuwa wangu.
Akanyamaza.
Nilijikuta nahesabu.

"Asante," akasema. "Nusu yako naitoa.
Lakini siku ile nilishona mfuko mzima wa shati
kabla hajajibu."

Nikatazama skrini. Thelathini na moja. Thelathini.
Thelathini na moja.
Nyuma yake nikasikia cherehani ikianza kukanyagwa,
safi, karibu, kana kwamba imo chumbani humu.

Tiketi haifungwi bila kujazwa chanzo.
Nikaandika: Mimi. Kiasi.