Safu ya Maelezo

Nimekabidhiwa sanduku la viatu, si ofisi:
madaftari manne, muhuri uliokauka wino,
na ufunguo ambao hakuna ajuaye ulifungua nini.
Mimi, Tess Vrana, naibu wa sherifu, zamu ya usiku,
magharibi ya Nebraska,
ndiye mweka hazina kwa sababu sikuhudhuria mkutano.

Mwaka hamsini na nane walikuwa thelathini na mmoja.
Ada, dola mbili. Wanaodaiwa, sita.
Mwandiko umesimama wima kama gwaride.
Mlo wa uchangishaji: unga, mayai, sharubati, dola kumi na tisa;
mapato, mia na nne.
Theluji ilianguka, ameandika pembeni,
kana kwamba mkaguzi angeuliza.

Halafu ukurasa wa mjane wa kwanza.
Gari liliteleza darajani, barafu.
Rambirambi, dola mia mbili.
Salio, dola nne na senti kumi na moja.
Mwezi mzima hakuna neno lingine.

Themanini na sita kalamu anayo Delmar Kovarik.
Machi zimetoka mia tatu na arobaini.
Maelezo: "Nitaeleza."
Hakueleza.
Ila kuanzia Mei, kila tarehe tano, zinaingia kumi,
bila jina, bila risiti, kumi, na kumi tena,
mwandiko ukizidi kulala ubavu.
Nimehesabu kwa kidole, kisha kwa kikokotoo:
mara thelathini na tatu.
Mwezi uliofuata kuna shada la maua, ishirini na tano,
na chini yake, kwa wino wa mtu mwingine:
"Bibi Kovarik, kumi. Amekataa stakabadhi."

Siku hizi tumebaki saba, na wawili walishahamia kwenye joto.
Vijana wa kituoni huuliza: nikilipa, napata nini?
Nawaambia ukweli: kalenda,
na watu sita wa kubeba jeneza.
Wanacheka, wanasema watafikiria.
Benki haicheki. Hukata kumi na mbili kila mwezi
kwa kazi ya kutukumbuka.

Saa tisa usiku, nimeegesha kando ya ghala la mahindi,
redio kimya, kahawa imeshapoa.
Nimejumlisha mara tatu.
Kwa mwendo huu hatufiki kiangazi.
Nimetia kumi na mbili kutoka mfukoni mwangu,
nikafika safu ya Maelezo, kalamu ikasita.
Nikaandika: upepo wa kaskazini,
theluji kidogo.